Kaunta Buku la Tawi: Yanga Ilipokuwa na Njaa

Ukimuuliza Mwananchi yeyote, yaani shabiki wa Yanga, habari za misimu ile minne, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, atakutajia matokeo. Simba kabeba ligi mara nne mfululizo, sisi tumebaki kupiga hesabu za pointi na kulaumu marefa. Mimi kinachonijia kwanza ni kaunta buku. Ninalo mpaka leo kabatini, jalada limechanika na kurasa za mwanzo zina madoa ya chai. Humo mna majina ya waliotoa elfu mbili, waliotoa elfu tano, debe la mchele, mkungu wa ndizi, na bwana mmoja ambaye mbele ya jina lake nimeandika "atasukuma gari likizima". Na kweli alisukuma, pale Chalinze, usiku, huku akiimba.

Mimi ni katibu wa tawi moja la Yanga hapa Morogoro, upande wa Mji Mpya. Ukatibu sikuugombea. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama mtaani na mwandiko wangu unasomeka, mwenyekiti wetu akaona sifa hizo zinatosha. Enzi hizo tawi letu lilikuwa la sherehe: kukodi basi la Coaster kwenda Uwanja wa Taifa, Dar, kuchinja mbuzi ubingwa ukija, kupaka nguzo za kibanda rangi ya kijani na njano msimu ukianza. Ubingwa ulikuja 2015, ukaja 2016, ukaja 2017, na mbuzi wakaliwa. Nani anamlipa mshahara beki wa kushoto halikuwa jambo la kuulizana kibandani. Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa Manji.

Yusuf Manji alikuwa mwenyekiti wa klabu tangu 2012, na mfuko wake ndio uliokuwa mfuko wa klabu. Agosti 2016 wanachama walifika mahali wakakubali mkutanoni akodishwe timu kwa miaka kumi, mpango ambao haukufika popote. Mei 2017, mwezi ule ule tuliobeba ubingwa wa tatu mfululizo, akajiuzulu.

Shida ilikuja pole pole, na nadhani ndiyo maana wengi tulichelewa kuamini. Mara mchezaji fulani haonekani mazoezini. Mara tunasikia mishahara imechelewa. Dirisha la usajili likifunguliwa tunatajiwa majina makubwa, likifungwa hatuoni mtu. Upande wa pili wa Kariakoo watani zetu Simba wanajenga: Desemba 2017 tajiri Mo Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni ya kununua hisa za klabu yao kwa shilingi bilioni 20. Sisi tukamaliza ligi nafasi ya tatu, nyuma ya Azam. Aibu yenyewe hasa ilikuwa ya kimataifa. Kombe la Shirikisho 2018, hatua ya makundi, USM Alger wa Algeria walitupiga 4-0 kwao, Gor Mahia wakatupiga 4-0 Nairobi, kisha Gor hao hao wakatufuata Taifa wakatufunga 3-2 mbele ya macho yetu.

Hapo ndipo bakuli lilipoanza. Timu ya kutembeza bakuli, ndivyo watani walivyotuita nchi nzima. Mtaani kwetu kijana mmoja wa Simba hakuishia kwenye maneno. Alipita kibandani jioni tukiwa kikaoni, akaweka bakuli la plastiki mezani, akaondoka bila kuaga. Vijana wakataka kumkimbiza. Mwenyekiti akawazuia, akachukua kalamu ya wino mzito akaandika ubavuni "MALI YA TAWI", na bakuli likaanza kazi jioni hiyo hiyo.

Lakini kabla ya kufika kwenye kuchanga tulipoteza miezi mingi kwenye ubishi, na ubishi wenyewe haukuhusu kocha wala mfumo wa uchezaji. Ulihusu barua ya Manji ya kujiuzulu. Kundi moja, tena kubwa, lilishikilia kwamba wanachama hawajairidhia, kwa hiyo bado ni mwenyekiti wetu. Hawakuwa peke yao. Mkutano mkuu wa Juni 2018 ulielemea huko huko, tukabaki na mwenyekiti wa kutajwa mdomoni ambaye ofisini Jangwani hayupo. Mwaka huo huo Clement Sanga aliyekuwa akikaimu naye akaachia ngazi.

Tuna mzee tawini, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye kadi yake ya uanachama ni ya zamani kuliko ndoa yangu. Aliona mgawanyiko wa miaka ya sabini, waliotoka wakaenda kuunda Pan African mwaka 1976. Akaishi tena akaona Yanga Asili na Yanga Kampuni wakivutana kila upande ukidai ndio wenye klabu. Kwenye kikao kimoja watu walikuwa wanarushiana vijembe juu ya tajiri mpaka mwenyekiti akaacha kugonga meza. Mzee alisubiri wachoke. Akasema, "Wanangu, matajiri nimewaona wakija na nimewaona wakiondoka. Huyo mnayemsubiri akirudi atafanya lipi ambalo nyie hamuwezi kulianza leo?" Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu mbili, akanyoosha mkono kwangu. Ndilo jina la kwanza kwenye kaunta buku.

Hapa nina maoni yangu na sitayaficha. Shabiki anayemlilia tajiri mara nyingi ni mtu ambaye klabu haijawahi kumpa kazi yoyote. Amefundishwa kushangilia na kusubiri, basi. Kumkemea hakusaidii. Wale waliokuwa wakali zaidi kwenye ubishi wa Manji niliwapa kila mmoja orodha ya majina ya wanachama waliopotea mtaani kwake, nikawaambia Jumamosi niletewe majibu: nani yupo, nani kahama, nani kakasirika na kwa nini. Wakarudi na majibu. Wakarudi pia na habari za mgonjwa ambaye hatukujua anaumwa, na mjane wa mwanachama ambaye hakuna aliyempa pole. Kelele za barua zikapungua, maana watu sasa walikuwa na mengine ya kuzungumza.

Nilichokijua mimi kilikuwa kikoba, kwa hiyo tawi likaanza kuendeshwa kikoba. Aliyewahi kukaa kwenye kikoba anajua. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na watunza funguo hawatoki nyumba moja. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti, kikao kikianza na kikiisha. Ukichelewa una faini. Wanaume walicheka sana siku ile. Mmoja akauliza kama tutafundishwa na nyimbo za kikoba. Nikamwambia akichelewa ataimba peke yake. Wiki iliyofuata alichelewa. Hakuimba, ila alilipa, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyecheka.

Michango iliyokwenda klabuni tuliituma kwa simu moja kwa moja kwenye namba zilizotangazwa na klabu yenyewe. Ujumbe wa muamala nilikuwa nausoma wote: kiasi, makato, saa, namba ya kumbukumbu. Kijana wetu mmoja wa chuo anaupiga picha na kuutupia kwenye grupu la WhatsApp. Kuna waliosema nawachosha. Lakini angalia kilichotokea. Alikuja mtu akajitambulisha ametumwa kutoka Dar kupitia matawi. Fulana ya klabu anayo, majina ya viongozi yako mdomoni kama dua. Anataka taslimu, leo hii, timu inasafiri kesho. Mwenyekiti alikuwa ameshalainika. Utaratibu ukasema sanduku halifunguki bila funguo tatu, na mwenye ufunguo wa tatu alikuwa msibani Kilosa. Jamaa akangoja, akaanza kufoka kwamba sisi si Yanga halisi, mwishowe akapanda bodaboda akaenda zake. Tawi moja la jirani lilimpa. Hakuna aliyemwona tena, na mweka hazina wa tawi hilo, mtu mwema kabisa, ilibidi ahame kibanda kwa aibu.

Jambo jingine nililolitoa kikobani ni kutochanganya ahadi na fedha. Kwenye kaunta buku kulikuwa na safu ya "ameahidi" na safu ya "ametoa", na jumla ilipigwa upande wa pili tu. Mtu akisimama kikaoni akaahidi laki moja, anapigiwa makofi, naandika. Mwezi ukiisha bila kitu, nasoma jina lake na nukta mbili na sifuri. Wengi walijifunza kuahidi elfu tatu na kuitoa. Nikitazama harambee za klabu zetu, zile za ukumbini zenye wageni wakubwa na kamera, huwa nawaza hiyo safu ya pili inasomwa na nani.

Agosti 2018 timu ilikuja kuweka kambi hapa Morogoro kujiandaa na msimu, na kwetu hiyo ilikuwa bahati ya ajabu. Fedha hatukuwa nazo za maana. Lakini Morogoro ina vitu. Mama mmoja wa sokoni ambaye tangu tuanze hajawahi kutoa hata mia tano alikuja na tenga la mboga za Mgeta. Mwingine ana ndugu Dakawa, ukaja mchele. Ndizi zikatoka Matombo. Bodaboda watatu wakabeba bila nauli. Tulipofika kambini nilimwomba mhusika asaini kwenye kaunta buku kwamba amepokea, akanitazama kama afisa wa TRA, kisha akacheka akasaini. Sahihi hiyo niliisoma kwenye kikao kama ninavyosoma miamala. Yule mama wa mboga aliniomba niirudie.

Nilichokiona pale ni kwamba tulikuwa tumewafungia watu mlango kwa kudai fedha tu. Mtu asiye na elfu mbili huona haya kuja kikaoni, akiona haya mara tatu hatokei tena, na sisi tunasema amekata tamaa na timu. Hajakata tamaa. Anaogopa bakuli. Tangu kambi ile tuliandika kila kitu ambacho mtu anaweza kutoa: siku moja ya useremala kukarabati benchi, kupika, kupiga ngoma, kulinda pikipiki, kusukuma gari.

Ndani ya kipindi hicho hicho nahodha wetu Nadir Haroub "Cannavaro" aliagwa hapa hapa Morogoro, uwanja wa Jamhuri, kwenye mechi na timu ya Mawenzi Market. Timu imefilisika, nahodha anaondoka, na sisi tunaagana naye nyumbani kwetu badala ya Taifa. Watu wazima walilia, nikiwemo. Wiki moja baadaye tulipanda Coaster kwenda Dar, kilomita zipatazo 190, kuwaona USM Alger wale wale wa 4-0. Tukawafunga 2-1. Haikutuvusha kwenda kokote, kundi lilikuwa limeshatushinda. Lakini nawaambia Coaster ile ya kurudi ilikuwa na kelele kuliko ya ubingwa wowote.

Kuhusu Coaster nina neno. Miaka ya ubingwa gari lilijaa na watu wakabaki Msamvu wakinung'unika. Miaka ya njaa viti vilikuwa wazi, na nauli ya gari haipungui kwa sababu abiria wamepungua. Wengine walitaka tuache safari mpaka timu ikae sawa. Tulikataa, ila tulibadili mpango: tukaanza kwenda na tawi jirani gari moja, na viti viwili vikawa vya wapiga ngoma bila malipo. Hilo la ngoma lililalamikiwa sana. Kwa nini wao wasilipe? Kwa sababu gari lisilo na ngoma hufika Taifa limechoka, likakaa jukwaa la mzunguko limenuna, na wachezaji ambao hawajalipwa miezi kadhaa wanaangalia jukwaani wanaona watu walionuna. Na sheria moja haikuwa na mjadala: dereva aliyelala vibaya usiku hatupeleki, hata kama ni mechi ya watani. Barabara ile ya Chalinze tunaijua.

Sasa Zahera. Mwinyi Zahera alikuja 2018 kutoka Kongo, na Kiswahili chake cha Kongo kikawa burudani ya nchi. Aliyoyafanya uwanjani yanajulikana: kikosi cha kuungaunga kikaongoza ligi, hakikupoteza mechi ya ligi mpaka Januari 2019 Stand United walipotufunga 1-0 Shinyanga, na tukamaliza wa pili nyuma ya Simba. Lakini mimi namkumbuka kwa maikrofoni. Alikuwa anasimama mbele ya waandishi na kusema wazi: wachezaji hawajalipwa, mashabiki tusaidieni. Hakuzunguka. Nimepitia kurasa za miezi hiyo nikiwa na kalenda ya mechi pembeni, kwa udadisi tu. Nilitegemea majina yajae kila tuliposhinda. Yamejaa baada ya Zahera kuongea. Wiki ambazo kiongozi alisema kila kitu kiko sawa, ukurasa ni mweupe, maana kama kila kitu kiko sawa nani atoe elfu mbili yake ya mafuta ya taa?

Grupu la WhatsApp lilitusumbua kuliko sanduku. Tukifungwa, matusi. Beki katukanwa, mama yake katukanwa, kocha kaitwa mla rushwa, halafu asubuhi watu hao hao wanataka tuchange kwa ajili ya beki huyo huyo. Yule kijana wa chuo akaleta ufumbuzi rahisi: tukifungwa, grupu linafungwa mpaka asubuhi, anaandika msimamizi peke yake. Watu walilalamika kwamba wananyimwa uhuru. Asubuhi walikuwa na maneno ya busara zaidi, au walikuwa kazini. Jambo moja tuliliruhusu usiku kucha, nalo ni kuwasema viongozi kuhusu fedha, mradi mtu asitukane. Kuna waliotaka hilo nalo lizuiwe kwa jina la umoja. Nilipinga na nitapinga tena. Umoja wa namna hiyo ndio uliotufikisha kwenye mfuko wa mtu mmoja.

Na watani? Wakatucheka, hiyo ni haki yao. Lakini mwenyekiti wa tawi la Simba la mtaa wa pili alikuja siku moja na elfu tano, akasema andika, jina langu kamili. Nikamwuliza kulikoni. "Mkifa nyie, mimi nitamfunga nani?" Nimeandika. Mwezi uliofuata alifiwa na mama yake, tawi letu zima lilikwenda na fulana za njano kuchimba kaburi, na kwenye matanga tukamwambia Simba hawana hata watu wa kushika koleo. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mwaka 2019 mambo yalianza kunyooka. Mei 5 uchaguzi uliokuwa umeahirishwa na kuahirishwa ukafanyika, Mshindo Msolla akawa mwenyekiti. Juni ikaja harambee ya Kubwa Kuliko pale Diamond Jubilee. Agosti ikaja Wiki ya Mwananchi, ya kwanza. Tawi letu lilifanya usafi hospitalini na kuchangia damu, na nakumbuka wengi waliochangia damu hawakuwa na kadi ya klabu. Kadi wakachukua baadaye.

Ukaja pia ugomvi wa jezi. Kampuni ya GSM, wadhamini wa klabu, wakaanza kutengeneza na kuuza jezi halisi, na klabu ikatuomba tuache za bandia. Ni kweli jezi ya bandia haiipi klabu hata senti. Lakini vijana wetu wakaanza kuwazomea watu kibandani, wanashika kola ya mtu kukagua lebo. Mzee fundi cherehani alikuwa na jezi aliyojishonea mwenyewe. Wakamkagua. Sijawahi kumwona mwenyekiti akikasirika vile. Tukakubaliana kibandani hakaguliwi mtu. Badala yake tukaweka mchezo wa kupeana, watu kumi mia tano kila siku, kila baada ya wiki mbili mmoja anapata jezi halisi. Ikaenda haraka kuliko kuzomea, na mzee alipopata yake aliipunguza mikono kwa sababu, alisema, aliyeishona hajui kazi.

Januari 4, 2020 Simba walikuwa mbele 2-0, Balama Mapinduzi na Mohamed Banka wakarudisha, 2-2. Machi 8 Bernard Morrison akapiga ile faulo, 1-0, na Morogoro haikulala. Vijana wakaandika jina lake mgongoni. Julai tukapigwa 4-1 nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, na Agosti Morrison huyo akaenda Simba, kesi ikapanda mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, tukashindwa. Sina la kusema hapo zaidi ya kwamba mzee alijitolea kufumua majina mgongoni bure, mradi uje na jezi imefuliwa.

Juni 2021 wanachama walipitisha katiba mpya: asilimia 51 kwa wanachama, 49 kwa wawekezaji. Mjadala tawini ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Watu walikuwa wamechoka kuchanga, na GSM walikuwa wameshaonyesha usajili unaoonekana kwa macho. Mzee peke yake ndiye aliyeuliza swali refu: hiyo asilimia 51 yetu itakuwa inakaa wapi, na tunaikagua lini? Mtu akamjibu kwamba hayo ni mambo ya wanasheria. Akaketi, lakini aliniomba swali liandikwe. Limeandikwa.

Yaliyofuata mnayajua. Ubingwa wa 2021/22 bila kufungwa, Hersi Said rais wa klabu Julai 2022, na 2023 fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya, nani tena, USM Alger. Tulifungwa 2-1 Kwa Mkapa, ndiyo Taifa ile ile kwa jina jipya, tukashinda 1-0 kwao, wakachukua kombe kwa bao la ugenini. Kwa mtu aliyekaa kwenye Coaster ile ya 2018, ile 1-0 ya Algiers ilitosha kufa nayo. Vijana waliojiunga juzi walilia kwamba tumekosa kombe. Manji alipofariki huko Marekani Juni 2024, ubishi wa barua ukafufuka kibandani kana kwamba haujawahi kulala, safari hii kwa upole, na waliokuwa wanampinga ndio waliosimulia mazuri yake mengi zaidi.

Tawi sasa limejaa. Tuna televisheni kubwa, viti vya plastiki vya kutosha, na wanachama ambao siwajui kwa majina. Michango inalipwa kwa simu, kadi ni za kidijitali, na kijana wa chuo, ambaye sasa ni mhasibu na ana mtoto, ananiambia kaunta buku liende makumbusho. Hesabu bado nazisoma. Shida ni kwamba watu hawasikilizi. Naanza kusoma mapato, mmoja anaulizia kikosi. Nafika kwenye matumizi, wanapandisha sauti ya uchambuzi wa kabla ya mechi. Mwezi mmoja nilipachika makusudi shilingi elfu arobaini za "maua ya rais wa FIFA" kwenye matumizi nione nani atauliza. Aliuliza mzee. Wengine walipiga makofi.

Basi tulilipitisha kwenye kikao cha mwisho, kwa kura, na kura zilikaribiana: rimoti inakaa kwenye sanduku, sanduku lina kufuli tatu, na halifunguliwi mpaka hesabu ziishe na watu watatu wasio viongozi wawe wameuliza swali. Jumapili ya kwanza dakika kumi za mwanzo za mechi zilitupita, na nilitukanwa kidogo. Jumapili ya pili watu walifika mapema na maswali wameyaandika kwenye simu. Mengine ni ya kipuuzi kabisa, mtu anauliza bei ya balbu. Nimemjibu, na risiti nikamwonyesha.